Dakika Kumi za Saa Nne

Tangazo lilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye mlango wa maabara, upande wa nje, ili wagonjwa nao walione. Liliandikwa kwa Kifaransa na kutiwa muhuri. Lilisema kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mfanyakazi atakayekula mbele ya wagonjwa kabla ya saa nane mchana. Kituo chetu kina wafanyakazi tisa. Wanane kati yao hawajawahi kula kabla ya saa nane. Kwa hiyo tangazo lilinihusu mimi peke yangu, na kila aliyelisoma alilijua hilo, pamoja na wale waliolazimika kusomewa.

Ninaitwa Jovita Nduwimana. Ni laborantini katika kituo cha afya kilicho kando ya barabara inayotoka Rumonge kwenda Nyanza-Lac, ziwa likiwa upande mmoja na michikichi upande wa pili. Kazi yangu ni kusoma damu. Msimu wa malaria, vipimo vya haraka vinapokwisha, nasoma vioo sitini vyenye tone la damu kwa siku, wakati mwingine themanini, kwa darubini moja.

Miezi kumi na minne kabla ya tangazo hilo nilifanyiwa upasuaji Dar es Salaam, ambako dada yangu alibaki sisi wengine tuliporudi kwetu kutoka kambi ya wakimbizi. Nilikuwa na kilo mia moja na kumi na tisa, presha, sukari iliyokuwa ikipanda kila mwaka, na goti moja lililokataa ngazi. Daktari aliondoa karibu robo tatu ya mfuko wangu wa chakula. Kilichobaki kinapokea kiasi cha kikombe cha kahawa. Kikijaa, kimejaa.

Masharti niliyopewa si mengi. Kula protini kwanza, gramu sitini hadi sabini kwa siku. Kutafuna mpaka chakula kilainike kama uji. Kutokunywa maji pamoja na chakula, bali kungoja nusu saa. Kuacha vinywaji vyenye gesi. Na kwa kuwa tumbo halipokei kingi kwa mara moja, kula mara sita. Sharti la mwisho ndilo watu hawalielewi. Mtu mwenye tumbo zima akikosa chakula asubuhi anakula cha watu wawili mchana, mambo yakaisha. Mimi nikifanya hivyo natapika. Mlo ulionipita umenipita.

Nilijipanga. Jumapili nilikuwa napika maharage ya siku tatu, nayaponda, nayagawa kwenye vikopo. Ndagala, dagaa wa ziwa letu, nilinunua za Gitaza, zile zinazoanikwa juu ya waya, kwa sababu za mchangani zina chembe ambazo hata ukosheje zinabaki. Nazikaanga bila mafuta, nazitwanga ziwe unga, kisha naunyunyiza juu ya maharage kijiko kimoja. Ugali niliuacha kabisa mwaka wa kwanza, maana unajaza nafasi bila kuleta protini. Saa kumi na mbili asubuhi nakula mayai mawili kabla ya kutoka. Saa nne yai moja au maharage yenye ndagala, vijiko vitano. Saa sita na nusu vingine vitano, saa tisa maziwa ya mgando, kisha mara mbili nyumbani. Mlo wa saa nne ulichukua dakika kumi. Nilizipima.

Tatizo lilikuwa mahali. Ndani ya maabara hakuliwi, kwa sababu kuna damu na dawa za kupakia vioo. Stoo ya dawa inafungwa. Ofisi ya mkuu wa kituo, ambaye sisi tunamwita titulere, ndiyo chumba cha kupokea wagonjwa. Wodi ya wazazi ina wazazi. Lilibaki benchi la mbao chini ya upenu, kati ya tangi la maji na mlango wangu, likitazamana na watu arobaini wanaosubiri majibu.

Kwetu mtu mzima hali mbele za watu. Mtoto anaweza kupita njiani na muhogo mkononi, lakini mtu mzima mwenye kazi yake akifanya hivyo amejishusha. Na kama hana budi, basi amkaribishe aliye mbele yake. Anayekaribishwa naye anajua la kujibu: anashukuru, anasema ameshiba, hata kama hajala tangu jana. Hata hivyo ana haki ya kukubali, na wagonjwa waliotoka Kizuka kwa miguu alfajiri huitumia haki hiyo. Wiki ya kwanza nilikaribisha. Siku ya pili bibi mmoja alikubali, akachukua yai zima, akaniombea baraka. Siku ya nne mwanamume mwenye homa alichota vijiko vitatu kati ya vitano vyangu. Yai moja lina gramu sita za protini. Nilikaa nikapiga hesabu, nikaona siwezi kuendelea. Nikaacha kukaribisha.

Miezi yote hiyo nilikuwa nikisikia maneno, kwa sababu dirisha la maabara halina kioo.

"Mama Labo amekuwa mwembamba kama mwiko, na yuko anakula kila saa," alisema mwanamke mmoja. "Hicho chakula inaenda wapi?"

Jirani yake alimjibu kwamba nina mnyoo tumboni mkubwa kuliko mimi, na kwamba kila siku nauchungulia kwa darubini kuona kama umekua. Walicheka sana. Wengine, kwa sauti ndogo zaidi, walisema nimesoma damu yangu mwenyewe na kuficha majibu. Nilipokuwa na kilo mia moja na kumi na tisa, mgongo wangu ukitoka jasho kwa kusimama tu, hakuna aliyeuliza ninakula nini. Waliniita mtu aliyetulia maishani.

Aliyepeleka malalamiko rasmi alikuwa Hadjara, ambaye huku anaitwa Mama Feruzi. Anauza muhogo wa kukaanga kwenye lango la kituo, na ni mjumbe wa kamati ya afya ambayo wakazi wenyewe huichagua. Aliwaambia wenzake kwamba wagonjwa wanalala kwenye saruji na njaa zao huku mtu wa serikali anatafuna mbele yao, polepole, bila kusema hata karibu. Kamati ikamwagiza titulere achukue hatua. Yeye ni Revokatus, muuguzi wa miaka ishirini kazini, mtu mpole ambaye hatua yake ya kwanza katika kila jambo ni tangazo.

Nilimpelekea barua ya daktari. Aliisoma mpaka mwisho, akanirudishia, akasema haina ubaya wowote ila yeye anaangalia sura ya kituo. Akanishauri nile vya kutosha asubuhi, kama wao. Nilimweleza tena ukubwa wa tumbo langu, nikimwonyesha kikombe kilichokuwa mezani kwake. Muuguzi wa miaka ishirini kazini, na bado alihitaji kuonyeshwa. Alikitazama kile kikombe, halafu akapata wazo.

"Choo cha wafanyakazi kina ufunguo," alisema. "Na kinasafishwa kila siku. Pale hakuna atakayekuona."

Nilimuuliza kama yeye hula chooni. Alisema hilo ni swali la kukosa heshima.

Nilitii. Nilikulia kambini Tanzania, na kambini karatasi yenye muhuri ilisomwa mara moja na kufuatwa, haikujadiliwa. Nilijiambia ni milo miwili tu. Tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nane, sikutia kitu kinywani ila maji. Siku ya tatu nilianza kutoka jasho baridi kila ifikapo saa nne na nusu. Siku ya tano mkono wa kulia ulitetemeka nilipokuwa nadondosha mafuta ya darubini kwenye kioo. Nywele zilibaki kwenye kitana, nyingi kuliko kawaida. Niliandika yote haya kwenye daftari langu, tarehe na saa, kama vile nilikuwa mgonjwa wa mtu mwingine. Kuandika nilidhani ni kufanya kitu.

Jumanne ya wiki ya pili alikuja Joanita, mkulima wa Kizuka, na binti yake Riziki wa miaka minne mwenye homa ya siku moja. Kioo chake kilikuwa cha arobaini na moja siku hiyo. Nilikisoma saa tano na dakika ishirini. Kanuni inataka kuangalia sehemu mia moja za tone la damu kabla ya kuandika kwamba hakuna vimelea. Niliangalia sehemu mia moja. Sikuona kitu, nikaandika hakuna. Riziki alipewa dawa ya homa na ya kikohozi, wakarudi nyumbani.

Ijumaa saa mbili asubuhi Joanita alirudi mbio, mtoto akiwa ameshikwa na degedege, viganja vyeupe kama karatasi. Nilikuwa nimekula mayai yangu ya saa kumi na mbili. Kioo kipya hakikuhitaji hata dakika moja: vimelea vilijaa kila mahali nilipotazama. Gari la wagonjwa lilimpeleka hospitali Rumonge, akaongezwa damu, akapona. Naliandika hili mapema kwa sababu sitaki mtu aendelee kusoma kwa ajili ya kujua kama mtoto alikufa.

Mchana huo, baada ya kula, nilitoa kioo cha Jumanne kwenye sanduku. Vioo vyote tunavitunza, kwa sababu kila mwezi wilaya huchukua kumi na kuvisoma upya. Kwa miezi ishirini na mitatu mfululizo majibu yangu na yao yalikuwa sawa, kumi kwa kumi. Nilikiweka chini ya darubini nikaanza kuhesabu. Katika sehemu ya kumi na saba kulikuwa na vimelea viwili. Mpaka sehemu ya mia nilipata kumi na vinne. Havikuwa vimejificha, na rangi iliyopakwa kioo ili vionekane ilikuwa safi. Mtu yeyote anayeona angeviona.

Joanita alirudi baada ya siku saba kwa kipimo cha kuhakikisha. Nilimwingiza ndani, nikamkalisha kwenye kiti changu na mtoto mapajani, nikamwambia.

"Riziki alikuwa na malaria tangu siku ya kwanza. Iko kwenye kioo. Mimi sikuiona."

Hakupiga kelele. Aliuliza kwa nini sikuiona, nami nikamweleza kila kitu kwa utaratibu: upasuaji, milo, tangazo, jasho, mkono. Nilimwonyesha hata daftari. Nadhani nilitaka akasirike pamoja nami. Nilikuwa na hasira ya kutosha watu wawili, hasira ya kamati, ya muhuri, ya choo chenye ufunguo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Dada," alisema, "ulijua macho yako haione?"

"Nilijua mkono unatetemeka."

"Na ukaendelea kusoma."

"Walinikataza kula, mama."

"Walikukataza kula. Nani alikukataza kusema leo sisomi? Mimi nimetoka Kizuka na mutoto mgongoni, nikaambiwa hakuna kitu, nikarudi nimetulia. Bora ungefunga mlango. Ningeenda Rumonge siku ile ile."

Nilitafuta jina la mtu huyo kwenye daftari lote na halikuwamo. Kipimo cha Riziki kilikuwa safi, nikakisoma mara mbili na kumwonyesha mama yake namna ya kutazama kwenye darubini, akatazama, akanishukuru, "Murakoze," akaondoka.

Kamati ilikutana Jumamosi katika chumba cha chanjo. Mwenyekiti ni Mzee Zubeir, fundi cherehani wa mjini, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kulikuwa na wajumbe sita pamoja naye, Mama Feruzi akiwa karibu na mlango ili aweze kuona beseni lake la muhogo. Nilikuwa nimeomba nafasi ya kusema, lakini Revokatus alitangulia.

Alisema ripoti ya mwezi inakwenda wilayani Jumatatu na ina jambo la kioo kimoja kilichosomwa vibaya, kama nilivyomwarifu. Alisema jambo hilo linaweza kuelezwa vizuri: rangi ya kupakia vioo ilikuwa imezeeka, na sote tunajua shida ya dawa ilivyo. Akiliandika hivyo, hakuna atakayeulizwa. Na kwa upande mwingine, yeye yuko tayari kuliondoa lile tangazo kimya kimya, kila mtu aendelee na kazi kama zamani. Alisema hayo akinitazama kwa upole, kama mtu anayetoa zawadi na kungoja ashukuriwe.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba ilikuwa biashara nzuri. Ningepata dakika zangu kumi na rekodi yangu ingebaki safi. Kitu pekee ambacho kingepotea ni kilichompata Riziki.

"Rangi ilikuwa nzima," nilisema. "Nilifungua chupa siku sita kabla. Vioo vingine hamsini na saba vya siku ile vimepakwa rangi ile ile na vinasomeka. Mimi ndiye sikuwa mzima. Nitaandika hivyo, na nitaandika kwa nini."

Revokatus aliniambia kwa sauti ya chini nifikirie kazi yangu. Nilimwambia nimeifikiria kwa siku nane.

Mzee Zubeir alivua miwani. Aliuliza kioo kile nilikisoma saa ngapi, nikamjibu. Akauliza mara ya mwisho nilikuwa nimekula saa ngapi, nikamjibu hilo pia. Alihesabu kwa vidole juu ya goti lake.

"Mimi mwezi wa Ramadhani nashona," alisema. "Nashona mpaka alasiri. Lakini sikati kitambaa. Mtu akileta kitambaa cha harusi, namwambia nitakikata usiku nimeshakula. Kushona unaweza kufumua. Ukikata, umekata." Akamgeukia Revokatus. "Titulere, wewe ulimkatisha huyu kitambaa akiwa na njaa. Tena karibu wiki tatu."

"Kamati ndiyo iliagiza," alisema Revokatus.

"Basi sisi tulimkatisha."

Hapo nikasema lile nililokuja kusema, ambalo kwa kweli alinipa Joanita. Kuanzia Jumatatu, saa nne kamili, nitafunga maabara kwa dakika kumi na kula. Saa sita na nusu vivyo hivyo. Siku nitakayozuiwa, sitasoma kioo hata kimoja. Nitaandika sababu kwenye rejista na jina la aliyenizuia, na wagonjwa nitawaambia mwenyewe waende Rumonge mapema, wakiwa bado na nguvu za kutembea. Kama kamati inataka laborantini mwingine, iandike wilayani, nami nitaambatanisha barua ya daktari.

Mjumbe mmoja aliuliza kama siwezi kupewa chumba, ili mambo yaende kwa heshima. Walianza kuvitaja vyumba. Stoo ya dawa, titulere alikataa. Chumba cha chanjo kina watoto kila siku isipokuwa Jumamosi. Mtu akataja choo, na Mzee Zubeir akamtazama mpaka akainamisha macho. Likabaki benchi. Walinyoosha mikono wanne kukubali. Mmoja hakunyoosha upande wowote. Mama Feruzi alikataa. Revokatus alitoka mwenyewe kwenda kubandua tangazo, na tulisikia karatasi ikichanika pembeni, maana gundi ilikuwa imekauka.

Tulipokuwa tunatoka, Mama Feruzi alinisimamisha mlangoni. Hakuwa na haya, na sitasema alikuwa nayo. Alisema mtoto wa Kizuka alimuuma moyoni, na kwamba hakuomba mtu yeyote augue. Lakini jambo lake alilosema halijabadilika.

"Kula mbele ya watu bila kukaribisha iko vibaya. Hata daktari wa Dar akuandikie barua kumi, iko vibaya. Na mimi niko hapa langoni kila siku. Nitasema."

"Useme, Mama Feruzi," nilimwambia. "Mimi nitakuwa natafuna. Kila kijiko nakitafuna mara ishirini na tano, na vijiko ni vitano. Utapata nafasi ya kusema yote."